Sindano na vidonge vya kupunguza uzito: yajue haya kabla hujaanza

Mama mmoja alikuja kliniki ya watoto na mwanaye wa miezi saba. Tulipompima mtoto na kuweka alama kwenye kadi, mstari uliokuwa unapanda vizuri tangu kuzaliwa ulikuwa umelala. Nikauliza maswali yetu ya kawaida: ananyonya mara ngapi, ameanza uji, amepata homa, ameharisha? Mtoto hakuwa na shida yoyote. Ndipo nikamtazama mama mwenyewe. Midomo imekauka, macho yameingia ndani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nesi, anayeumwa ni mimi. Hii wiki ya tatu nachoma sindano ya kupunguza mwili. Kila ninachokula kinarudi."

Akatoa kichupa kidogo kwenye pochi. Hakikuwa na karatasi ya maelezo wala jina la kiwanda. Alikinunua kwa simu, kwa mtu aliyemfahamu kupitia kikundi cha akina mama, pamoja na sirinji za insulini.

Sikumgombeza, na wewe ukija sitakugombeza. Najua maneno ambayo mwanamke aliyejifungua husikia kwenye sherehe, nyumbani, hata kwa mashoga zake. Najua pia kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa wa kweli unaoleta presha, kisukari na maumivu ya magoti. Mtu anayetafuta tiba yake hatafuti urembo tu. Ila dawa hizi zina nguvu, na akina mama wana hatari zao ambazo muuzaji wa mtandaoni hatakutajia.

Dawa zenyewe ni zipi?

Zinazosemwa sana sasa ni sindano. Ya kwanza ni semaglutaidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa ajili ya kisukari aina ya pili na kwa jina la Wegovy kwa ajili ya uzito. Marekani iliidhinisha Ozempic mwaka 2017 na Wegovy mwaka 2021. Nyingine ni tirzepataidi, ambayo wengi wanaijua kama Mounjaro, na liraglutaidi, yenye jina la Saxenda. Mbili za kwanza huchomwa mara moja kwa wiki, Saxenda kila siku.

Unapokula, utumbo wako hutoa homoni zinazoambia ubongo kwamba umeshiba. Dawa hizi zinaiga homoni hizo. Chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi, hamu inapungua, na sukari ikiwa juu kongosho linasaidiwa kutoa insulini. Na zinafanya kazi kweli. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, watu waliotumia semaglutaidi kwa wiki 68, huku wakifuata mpango wa chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 13 hivi. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4.

Hazikutengenezwa kwa kila mwenye kitambi. Wegovy iliidhinishwa kwa mtu mzima ambaye uwiano wa uzito na urefu wake ni 30 au zaidi, au 27 na kuendelea ikiwa ana ugonjwa unaotokana na uzito, kama presha. Kwa mama mwenye urefu wa sentimita 160, 30 ni kama kilo 77. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake Desemba 2025: dawa hizi zinaweza kutumika kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza, kwa muda mrefu, pamoja na mabadiliko ya chakula na mazoezi, na wajawazito wasizitumie. Mwanamke wa kilo 66 anayetaka gauni la send-off limkae vizuri hayumo humo. Kwake madhara ni yaleyale, faida ni ndogo.

Tumbo ndilo linaloteseka kwanza

Katika watu wanaotumia Wegovy, kama 44 kati ya 100 hupata kichefuchefu, 30 huharisha, 24 hutapika na 24 hupata choo kigumu. Wengi hali hii huwapata pale dozi inapopandishwa, kisha inatulia. Ndiyo maana dawa huanzishwa kidogo sana: miligramu 0.25 kwa wiki, kwa wiki nne, halafu inapanda ngazi kwa ngazi mpaka kufika miligramu 2.4 baada ya miezi minne. Anayekuambia "choma nyingi upungue haraka" anakupeleka kwenye ndoo ya matapishi.

Mama yule wa kichupa alikuwa amefanya hivyo bila kujua. Sirinji ya insulini ina alama za yuniti, na semaglutaidi hupimwa kwa miligramu. Chukua dawa yenye miligramu 5 katika kila mililita moja. Ili kupata miligramu 0.25 unavuta yuniti 5 tu, yaani mistari michache ya chini kabisa. Ukivuta mpaka 50 umejichoma dozi mara kumi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2024 baada ya watu kufikishwa hospitali kwa kosa hilihili, wengine wakiwa wamejichoma mara tano hadi mara ishirini ya dozi waliyopaswa.

Tena dawa hii haitoki mwilini haraka. Semaglutaidi huchukua kama wiki moja kupungua nusu tu, kwa hiyo ukizidisha leo huwezi kuamka kesho ukasema yamekwisha. Kutapika na kuharisha kwa siku kadhaa hukausha maji mwilini, na figo huumia. Mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, ukisimama unaona kizunguzungu, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa anayetumia kwa maelekezo ya daktari na kichefuchefu kimemshika, kinachosaidia ni kula kidogo kidogo, kuacha mara tu anapohisi kushiba, kukaa mbali na chipsi na vitu vya mafuta mengi, na kunywa maji kwa mafunda madogo siku nzima. Kama bado hali chakula, amrudie daktari aipunguze dozi. Asivumilie ili "dawa ifanye kazi".

Ujauzito: hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi

Usitumie sindano hizi ukiwa mjamzito. Semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, kwa sababu ya ule mwendo wake wa polepole kutoka mwilini. Katika wanyama waliopewa dawa hii wakiwa na mimba, watoto walipata madhara.

Lakini mimba nyingi hazisubiri kutafutwa. Mwanamke mwenye uzito mkubwa, hasa ambaye hedhi yake ilikuwa inaruka miezi, akipungua hata kilo chache yai linaweza kuanza kupevuka tena. Yule aliyezoea kusema "mimi sishiki mimba kirahisi" anashangaa ameshika. Mounjaro nayo ina jambo lake. Kwa kuwa inachelewesha vitu tumboni, vidonge vya majira vinaweza visifyonzwe vizuri. Maelekezo yake yanasema anayetumia vidonge aongeze kondomu, au ahamie njia isiyomezwa, kwa wiki nne baada ya kuanza dawa na wiki nne kila dozi inapopandishwa. Kijiti, kitanzi na sindano ya uzazi wa mpango haviguswi na shida hii kwa sababu havipiti tumboni. Njoo kliniki tukubadilishie.

Na hata kama sindano yako si Mounjaro, ukitapika muda mfupi baada ya kumeza kidonge, au ukiharisha sana, usikihesabu kidonge hicho kuwa kimefanya kazi. Tumia kondomu.

Ukigundua una mimba ukiwa unachoma, acha sindano, njoo uanze kliniki mapema na utaje dawa kwa jina. Usiende kutoa mimba kwa hofu, na usinyamaze mpaka mwezi wa saba.

Unayenyonyesha

Tafiti kwa wanawake wanaonyonyesha ni chache, na maelezo ya Wegovy ya Ulaya yanasema dawa isitumike katika kipindi hicho. Mimi naongeza jambo ninaloliona kwa macho yangu: mama asiyekula na kunywa vya kutosha, anayetapika kutwa, anachoka, ananyonyesha mara chache, na maziwa yanapungua. Mtoto wa miezi saba bado anategemea maziwa hayo kwa sehemu kubwa ya chakula chake. Kadi yake ndiyo itakayosema kabla mama hajasema.

Uzito wa baada ya kujifungua una muda wake. Kama mtoto bado ananyonya, tupime, tuzungumze chakula chako na mwendo wako. Kama uzito wako ni wa hatari kweli, tutakuandikia rufaa umwone daktari mpange lini uanze.

Bibi mwenye kisukari

Kuna nyumba binti ananunua kalamu ya sindano, akiona imempunguza, anamchoma na mama yake mwenye kisukari "ili sukari ishuke". Nia ni nzuri. Ila bibi huyo pengine anameza glibenklamaidi au anachoma insulini. Dawa hizo zikiungana na hii, halafu bibi hali chakula, sukari inaweza kushuka mpaka akapoteza fahamu. Dalili ni jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuongea vitu visivyoeleweka. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha mpeleke kituoni. Kama amezimia usimwekee kitu mdomoni. Mlaze ubavu na utafute usafiri.

Na kalamu haitumiwi na watu wawili. Nasema hivi kwa sababu nimekutana na akina mama wa kikoba kimoja waliochanga wakanunua kalamu moja, kila mtu na kisindano chake. Kubadilisha kisindano hakutoshi, kwa kuwa damu kidogo sana inaweza kurudi ndani ya kalamu. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinapita njia hiyo.

Maumivu ambayo si ya kusubiri asubuhi

Kichefuchefu ni cha kawaida. Haya si ya kawaida: maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya mpaka mgongoni na hayaachi, uwe umetapika au hujatapika. Hilo linaweza kuwa kongosho limevimba, na watu hufa kwa ugonjwa huo. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, pamoja na homa au macho kuwa ya njano, yanaweza kuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mawe haya huja zaidi kwa anayepungua haraka. Tumbo kujaa, kushindwa kutoa choo na hata hewa, huku unatapika, ni dharura pia. Na kuona kukipotea ghafla kwenye jicho: mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema semaglutaidi inaweza kuathiri mshipa wa jicho kwa mtu hadi mmoja kati ya 10,000. Ni nadra, lakini ukiona giza jicho moja usisubiri.

Yote haya yakitokea, acha sindano, nenda hospitali na uibebe dawa yenyewe na boksi lake.

Aliyewahi kupata uvimbe wa kongosho amwambie daktari kabla ya kuanza. Mwenye saratani aina ya medula ya tezi ya shingo, au ambaye ndugu yake wa damu ameugua, asianze kabisa. Katika panya dawa hizi zilileta uvimbe wa tezi hiyo. Kwa binadamu haijathibitishwa, ila onyo liko kwenye karatasi ya dawa.

Unaenda kufanyiwa upasuaji? Waambie kabla ya nusu kaputi kwamba unachoma sindano hii, hata kama ulifunga kula tangu jana yake. Chakula kinaweza kuwa bado kiko tumboni, na ukilala kikapanda kikaingia kwenye mapafu.

Dawa feki na dawa iliyoharibika

Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka mmoja kabla, nchini Austria, watu kadhaa walilazwa kwa sukari kushuka na degedege baada ya kuchoma kalamu zilizoandikwa Ozempic. Wakubwa wa afya huko walishuku ndani yake ilikuwa insulini. Kama hilo limetokea nchi hizo, kichupa kilichokuja na bodaboda kikiwa kwenye mfuko wa rambo unakiamini kwa lipi?

Hata dawa halisi huharibika. Kalamu ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 mpaka 8, na isigande. Ozempic ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Dar es Salaam ya Februari inazidi hapo mchana, bila kutaja ndani ya daladala. Nunua famasi, kwa cheti cha daktari, na mwombe mfamasia akuonyeshe kama dawa imesajiliwa na TMDA. Asiyetaka kukujibu swali hilo, ondoka dukani kwake.

Vidonge navyo

Orlistati, yenye jina la Xenical, inazuia sehemu ya mafuta ya chakula isifyonzwe. Mafuta hayo yanatoka kwenye choo: mafuta mafuta, haraka, wakati mwingine kwenye nguo. Wanaoitumia hucheka wakinisimulia, lakini kuna ya kutocheka. Vitamini A, D, E na K hutoka na mafuta hayo, hivyo vidonge vya vitamini humezwa usiku wakati wa kulala, mbali na dawa. Inaweza pia kupunguza nguvu ya dawa za kifafa, za tezi ya shingo na ARV. Mama aliye kwenye ARV asimeze orlistati kabla hajazungumza na kliniki yake ya CTC. Virusi vikipanda wakati ananyonyesha, hatari ni ya mtoto.

Fentamini inaua hamu kwa kuuchangamsha mwili. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, usingizi unakimbia, na mtu anaweza kuizoea. Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na anayenyonyesha haiwafai.

Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya "asili" mara nyingine vina sibutramini ndani, bila kuandikwa. Dawa hii iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukinywa chai ya majani halafu husikii njaa siku nzima, mdomo umekauka na moyo unadunda, jiulize ni majani gani hayo.

Ukiacha, na kama umeshaanza

Uzito hurudi kwa wengi. Walioacha semaglutaidi katika utafiti ule niliotaja walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, piga hesabu ya miaka, na ada za shule ziwe ndani ya hesabu hiyo. Mwili unapopungua haraka, misuli nayo inapungua, nywele zinaweza kunyonyoka. Anayetumia dawa anahitaji maharage, dagaa, mayai au kuku katika mlo wake mdogo, na kazi ya misuli: kupanda ngazi, kubeba ndoo, kuchuchumaa na kuinuka. Chai na kipande cha andazi kutwa nzima hakitoshi.

Kama umeshaanza na hukuandikiwa na daktari, usiongeze dozi tena. Njoo kituoni na kichupa au kalamu, na vidonge vyote unavyomeza. Tutapima presha, sukari, mkojo na mimba, na tutakuuliza umenyonyesha lini mara ya mwisho. Kama uliandikiwa kwa ajili ya kisukari, usiache ghafla kwa kusoma ukurasa huu. Kaonane na aliyekuandikia. Na visindano vilivyotumika viweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, juu, mbali na watoto, ulete kituoni tuviteketeze.

Yule mama aliacha. Kwa kuwa dawa ilikuwa bado mwilini, kutapika hakukuisha siku ileile. Ilichukua zaidi ya wiki mbili, na siku ya kwanza alishinda kwetu akinywa ORS kwa kijiko huku shangazi yake amembeba mtoto. Tulimpimisha mimba, hana. Akachagua kijiti. Mtoto tuliongeza uji wenye karanga na tukasisitiza anyonye kabla ya kulishwa. Kwenye kipimo kilichofuata aliongezeka gramu 300, na mwezi uliofuata mstari ukaanza kupanda tena. Mama amepewa rufaa ya kumwona daktari kuhusu uzito wake mtoto akishaacha kunyonya. Tarehe nimemwandikia nyuma ya kadi.